Mwezi wa kwanza na gari la otomatiki

Umezoea kunisoma nikiandika ufuta, mikorosho na bei za mnada. Leo naandika gari, na usidhani nimehama kazi. Kila msimu wa ufuta ukiisha, simu zinazoingia kwangu ni za aina mbili. Kuna ya "Bwana shamba, mikorosho imeanza kutoa maua, nipulize nini?" na kuna ya "Bwana shamba, nimepata kigari used, otomatiki, unakionaje?" Hizi za pili zinaongezeka kila mwaka. Safari hii nina la kusema, maana mwaka jana na mimi nilinunua, na ujinga wa mwezi wa kwanza ulinigharimu maua ya mikorosho yangu. Nitafika huko.

Gari lenyewe ni Toyota IST, namba D. Lilitembea Japani, kisha likatembea Dar es Salaam kwa watu wawili kabla yangu. Mimi kabla ya hapo nilikuwa mtu wa pikipiki, na nikishika usukani ulikuwa wa pikapu ya gia za mkono. Nililipokea Dar mwezi wa saba, fedha ya ufuta ikiwa mkononi, nikasema nalileta mwenyewe Kilwa.

Shida ya kwanza haikuwa ya gari, ilikuwa ya mguu wangu wa kushoto. Pale Mbagala foleni ikasimama, mguu ukaenda wenyewe kutafuta klachi. Klachi haipo. Ukakutana na pedeli ya breki, ambayo kwenye otomatiki ni pana, nao ukaikanyaga kama unavyokanyaga klachi, mpaka chini. Gari likasimama kama limegonga ukuta. Daladala ya nyuma ilinisalimia kwa honi na kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilivua kiatu cha kushoto, nikaurudisha mguu nyuma karibu na kiti, na hadi nafika daraja la Mkapa pale Rufiji ulikuwa umeshanyamaza. Kama umeendesha gia za mkono miaka mingi, fanya hivyo hivyo na usione aibu. Mguu wa kulia peke yake ndio wenye kazi: breki na mafuta.

La pili lilinitisha zaidi. Gari la otomatiki likiwa kwenye D, ukiachia breki linatembea, hata kama hujagusa mafuta. Ndivyo lilivyoundwa, si ugonjwa. Lakini mtu aliyezoea kuliacha gari kwenye "free" hana habari hiyo. Jioni ya kwanza nyumbani niliteremka kusaidia kufungua geti. Mkono wa gia niliuacha D, hendibreki nimeivuta nusu nusu. Sikufika getini. Gari lilianza kunifuata polepole, na mwanangu wa darasa la tatu alikuwa ameshika bawa moja la geti. Nilirudi mbio, nikaingiza mguu mlangoni nikakanyaga breki. Taa ya mbele iligusa geti tu, lakini usiku ule sikula vizuri.

Tangu siku hiyo nyumbani kwangu mguu hautoki kwenye breki mpaka gari limesimama kabisa, hendibreki imevutwa na mkono wa gia uko P. Kwenye mwinuko fuata mpangilio huo huo, hendibreki kwanza, P baadaye. P inashikwa na kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Ukiliacha gari zima likilalia kijino hicho kila siku, utasikia "kang!" ukitaka kuondoka, na ipo siku kitakatika.

Sasa kuna vituko ambavyo si ugonjwa, na wewe usikimbilie kwa fundi. Nikiwasha gari, mwanamke anaongea Kijapani. Mama mkwe wangu alipopanda mara ya kwanza alimwitikia, "Marahaba," kisha akaniuliza yuko wapi. Ni kifaa cha kusoma kadi ya kulipia barabara za kule Japani, kinalalamika kwamba kadi haimo. Fundi wa umeme wa magari anakichomoa kwa dakika chache. Redio nayo haishiki stesheni nyingi za kwetu, kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76 na redio za zamani zinaishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa, au nunua redio nyingine. Asubuhi injini inanguruma juu kidogo kisha inashuka yenyewe ikipata joto. Hiyo ni kawaida. Magari mengi madogo ya aina hii hayana mshale wa joto, yana taa tu: ya bluu maana yake injini bado baridi, usilikimbize. Ya nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo ulipo, usiseme nifike Nangurukuru kwanza.

Na IST ina spidi yake katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Maana yake abiria wako wote wanaisoma. Mke wangu anajua mwendo wangu kuliko ninavyoujua mimi, na kwa namna matrafiki wanavyokaa na tochi kwenye vijiji vya barabara hii vya 50, ameshaniokolea fedha.

Nije kwenye Kipatimu. Unaijua barabara inayotoka Njia Nne kupanda milima ya Matumbi. Nilikwenda kuangalia michungwa ya wakulima wangu, ikiwa wiki ya pili ya gari. Kwenda ilikuwa raha. (Nikiwa kule sikosi kuikumbuka Nandete, ambako mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani. Mimi ni mtu wa serikali ninayekwenda kuwaambia watu walime nini, kwa hiyo kule huwa napunguza sauti.) Kurudi tulikuwa watu watano, na nyuma wenyeji walinijazia magunia mawili ya machungwa. Sikuweza kukataa. Kukataa machungwa ya Matumbi ni kumtukana mtu.

Tukaanza kuteremka. Mkono wa gia uko D, mguu uko kwenye breki, umelala pale pale. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaanza kusikia harufu kama ya mpira unaoungua. Nikafikiri ni watu wanachoma shamba. Halafu pedeli ya breki ikaanza kuwa laini, inashuka zaidi ya kawaida, na gari halipungui mwendo kama ninavyolitaka. Mbele chini, kona, na akina mama wawili wana ndoo kichwani.

Kiti cha mbele alikaa mzee aliyewahi kuendesha malori ya kubeba mbao miaka hiyo. Hakupiga kelele. Alisema, "Bwana shamba, gari lako halina gia?" Nikamjibu ni otomatiki, mzee. Akasema, "Hiyo L ni ya nini?"

Nikavuta mkono wa gia kuja 2. Injini ikapandisha sauti, gari likajishika kama mtu amelivuta nyuma kwa kamba. Mwendo uliposhuka nikavuta mpaka L. Tukapita kona ile kwa mwendo wa mtu anayetembea, akina mama wakatupisha wakitushangaa kwa ile ngurumo. Chini kidogo nikapata pa kuegesha. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Tulikaa pale kwenye jiwe karibu saa nzima, tukila machungwa, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba mzee ndiye aliyenimenyea.

Kwa hiyo wewe unayenunua otomatiki ukakaa Kipatimu, au unashuka na mzigo kuingia Lindi mjini, lielewe hili kabla ya yote. D ni ya barabara ya kawaida. Kwenye mteremko mrefu, gia ya otomatiki ikiwa D inapanda kwenye gia kubwa na kuliachia gari liteleze, na kazi yote inabaki kwa breki. Breki ikipata joto kupita kiasi inapoteza nguvu. 2 na L zinaizuia gia isipande, injini inashika gari. Ziweke kabla ya kuanza kushuka, mwendo ukiwa mdogo. Breki unaigusa na kuachia, huilalii. Kwenye magari kama langu kuna pia kitufe cha O/D ubavuni mwa mkono wa gia: ukikibonyeza taa ya "O/D OFF" inawaka na gia ya juu kabisa inafungwa. Hicho kinafaa kwenye vilima vifupi, na kwenye vile vijiji vya 50. Na usishuke kwenye N ukidhani unaokoa mafuta, kama nilivyokuta madereva wengi wanaamini. Gari la kisasa likishuka ndani ya gia, kompyuta inakata mafuta kwenda kwenye injini. Kwenye N inabidi liendelee kunywa ili lisizime, na wewe huna kinachokushika.

Nilibadilisha brekipadi na mafuta ya breki. Ningejifunza hapo ingetosha. Sikujifunza.

Wiki iliyofuata nilikwenda ukweni, kando ya pwani, nikaingia kwenye mchanga. Gurudumu la mbele likazama. Nikafanya tulichokuwa tunafanya na pikapu: mbele, nyuma, mbele, nyuma, D, R, D, R, mafuta yamekanyagwa, gari halijasimama nimeshageuza. Robo saa. Tulitoka, kwa makuti na kwa watu wa kusukuma, lakini kesho yake asubuhi niliweka D na gari halikuondoka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo likashtuka kama limepigwa teke. Nikajiambia ni kituko tu, gari used lina mambo yake. Nikaendelea nalo siku tisa.

Kituko ni kitu kinachofanyika vile vile kila siku. Kinachobadilika, kinachochelewa zaidi leo kuliko jana, kinachonuka, hicho ni ugonjwa. Ungeniuliza habari ya mkorosho ningekujibu hivyo hivyo bila kufikiri, lakini gari langu nililifumbia macho.

Fundi wa kwanza alikuja na dumu la haidroliki nyekundu, akataka kumimina. Bahati nikavuta kijiti cha kupimia mafuta ya gia kwanza. Mafuta yalikuwa meusi, yananuka kuungua, na kwenye kijiti pameandikwa aina ya mafuta yanayotakiwa. Si kila chekundu ni sawa. Magari mengine madogo, hasa ya miaka ya karibuni, yana giaboksi ya mkanda inayoitwa CVT, nayo ina mafuta yake peke yake. Ukiitia haya ya kawaida umeiua. Mengine hata kijiti hayana. Soma kilichoandikwa kwenye gari lako, au mpigie picha fundi unayemwamini kabla hujanunua lita moja. Ukipima kwenye Toyota ya aina ya langu, gari liwe sehemu tambarare, limeshapata joto, injini inawaka na mkono wa gia uko P.

Nilikwenda Lindi kwa fundi wa giaboksi. Alifungua, akasafisha, akabadilisha alichobadilisha. Aliyelivuta gari alitaka kulikokota kwa kamba. Usikubali: magurudumu ya mbele yakizunguka na injini imezimwa, giaboksi inazunguka bila kulainishwa. Linyanyuliwe mbele au libebwe. Fedha niliyomlipa fundi ilikuwa ya kuwalipa vijana wa kupuliza mikorosho yangu. Nikakosa mzunguko mmoja wa salfa. Ubwiriunga ukaingia kwenye maua, meupe kama yamemwagiwa unga, kisha yakakauka. Wakulima wangu wakipita njiani walikuwa wanaangalia shamba la bwana shamba na hawasemi kitu. Wangesema ingekuwa afadhali.

Mengine nipite haraka. Betri ikifa, usiite vijana wasukume. Otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, walinizungusha mtaa mzima bure. Tafuta waya za kubusti. Mkono wa gia ukigoma kutoka P kwa sababu hakuna umeme, karibu yake kuna kidude kimeandikwa SHIFT LOCK, kibonyeze huku umekanyaga breki. Na kama unakaa Masoko au Kivinje, osha chini ya gari kwa maji baridi mara kwa mara, maana chumvi ya hewa ya huku inakula chuma polepole bila kukuambia.

Gari sasa ni zima. Linaingia gia bila kuchelewa, nalisikiliza kila asubuhi kabla sijafungua geti, na mwanangu anasimama mbali, amezoea. Jumamosi napanda tena Kipatimu, kuna wakulima wameomba tuangalie kupogoa michungwa. Mzee ameshanitumia ujumbe kwamba ananisubiri Njia Nne, na kwamba kiti cha mbele ni chake.