Makka ni Bonde: Chumba cha Bei Nafuu na Miguu ya Mama



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SWT), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Kila msimu wa Umra unapokaribia, akina mama wanaoshika mfuko wa safari huniuliza swali moja: je, kuna ubaya mtu kujitafutia hoteli mwenyewe kwenye simu, katika zile tovuti zinazouza vyumba kwa bei ya punguzo? Jawabu langu ni kwamba hapana ubaya, na mara nyingi kuna nafuu kubwa. Lakini kabla hamjabonyeza mahali pa kulipia, nisikilizeni kwanza. Mimi nilipata nafuu hiyo, na nusura imgharimu mamangu mzazi kile alichokiendea.

Tulikuwa watu watatu: mama, aliyepita miaka sabini na ambaye goti lake la kulia halimtii siku nyingi, mke wangu, na mimi. Gharama za mama zilitoka katika kofia alizoshona kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa miaka. Kwa hiyo kila riyali niliyoiokoa niliiona kuwa ni heshima kwa vidole vyake. Wakala alitushughulikia viza na tiketi, nasi tukajichukulia kazi ya hoteli.

Tulianza Madina, na Madina ilitupokea kwa upole. Eneo linalouzunguka Msikiti wa Mtume (SAW) ni tambarare. Tulichagua hoteli upande wa kaskazini, kwa kuwa sehemu kubwa za kuswalia wanawake ziko upande huo, na simu ilituambia ni mwendo wa mita 600. Zilikuwa mita 600 kweli. Mama alikwenda kwa fimbo yake, akapita chini ya ile miavuli mikubwa ya uwanjani, na kwa siku nne hakukosa swala hata moja ya jamaa. Nikajisifu moyoni kwamba nimeijua kazi hii. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwa upande wa Makka, simu ilinionyesha hoteli mbili. Ya kwanza ilikuwa riyali 140 kwa usiku, upande wa Ajyad, mita 800 kutoka Haram. Ya pili ilikuwa riyali 200, mtaa wa Misfalah, kando ya barabara ya Ibrahim al-Khalil, mita 900. Juu ya ile 140 paliandikwa bei nyingine, 310, iliyokatwa kwa mstari, na pembeni maneno ya kunihimiza kwamba kimesalia chumba kimoja tu. Ya rahisi ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, sasa nisubiri nini? Nikalipia usiku saba, kwa sharti la kutorejeshewa fedha. Wakati wa kulipa, 140 iligeuka 161, kwani kodi ya asilimia 15 haikuwa imehesabiwa katika bei ya mwanzo. Hata hivyo nilikuwa nimeokoa riyali 483, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya 16,000.

Tulihirimia Dhul-Hulayfa, tukaingia Makka usiku. Teksi ilipanda, ikapinda, ikapanda tena. Mke wangu alinitazama, mimi nikatazama dirishani. Zile mita 800 zilikuwa zimepimwa kwa mstari ulionyooka, kana kwamba mtu angetoboa mlima na kutokea upande wa pili. Njia ya miguu ilizunguka, na yote ilikuwa mteremko mkali.

Umra tuliitimiza usiku uleule, mama akiwa katika kiti cha magurudumu, alhamdulillahi. Baada ya Alfajiri tulianza kuupanda mlima. Mama alipumzika mara saba kwenye vizingiti vya maduka, na safari ile ilituchukua dakika arubaini. Kuanzia Adhuhuri hakutoka tena. Teksi si tegemeo, kwani saa za swala barabara zilizo karibu na Haram hufungwa, na dereva anayekubali hutaja bei aipendayo.

Siku ya pili ikapita hivyo. Siku ya tatu nilirudi kutoka Haram nikamkuta ameketi kwenye mswala wake, uso ameuelekeza kwenye ukuta. Nikajifanya sheikh mbele ya mamangu. Nikamwambia kwamba wanavyuoni wengi wamesema thawabu zinazozidishwa haziishii ndani ya msikiti bali zinaenea eneo lote la Haram, na kwamba swala ya mwanamke nyumbani kwake ina fadhila yake. Nilisema maneno ya kweli, lakini niliyasema ili kuifunika hesabu yangu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza utotoni nilipomsomea juzuu. Kisha akasema: "Nimesikia, mwanangu. Lakini chumbani naswali hata kwetu Kisauni. Mimi nilikuja kuiona Al-Kaaba."

Sikuwa na jawabu, wala halikuwako.

Jioni ile mke wangu ndiye aliyetoka kutafuta. Alishuka hadi Misfalah, akaingia hoteli tano kwa miguu, akarudi na chumba cha riyali 253 kwa usiku, kodi ndani yake. Tukahama tukaziacha siku nne tulizokwisha kuzilipia. Hesabu yake ni hii: usiku saba wa hoteli ya kwanza ulikuwa riyali 1,127, usiku nne wa pili 1,012, jumla 2,139. Lau ningechukua ile hoteli ya 200 tangu mwanzo, pamoja na kodi ningelipa 1,610. Nilitaka kuokoa 483, nikapoteza 529. Na siku tatu za mama katika mji ule hazina bei ya kuandika hapa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba elimu nilikuwa nayo. Tangu utotoni tunasoma kwamba Nabii Ibrahim (AS) alimwacha mkewe na mwanawe bondeni. Bonde haliwi bonde ila kwa milima inayolizunguka. Majina yenyewe ya mitaa ya Makka yanamwongoza msafiri: Misfalah ni mahali pa chini, na Ma'la, palipo na makaburi aliyozikwa Bi Khadija (RA), ni mahali pa juu. Nimefundisha miaka mingi kwamba Mtume (SAW) aliingia Makka kwa upande wa juu na kutoka kwa upande wa chini. Sikuwaza kwamba habari hiyo ingenifaa siku ya kukodi chumba.

Basi, enyi akina mama na akina baba, chukueni haya niliyoyanunua kwa bei ghali.

Kwanza, kabla ya kuuliza bei, ulizeni ni nani mnyonge katika msafara. Waarabu wa kale walisema mnyonge ndiye amiri wa msafara, na Mtume (SAW) alimwelekeza imamu awaangalie wanyonge walio nyuma yake. Mwenye goti bovu, mwenye mimba, mwenye mtoto mgongoni: huyo ndiye achaguliwe hoteli, na wengine wamfuate.

Pili, msiiamini namba ya umbali peke yake. Fungueni ramani, muitake ionyeshe njia ya miguu kutoka mlangoni mwa hoteli hadi Haram. Someni maoni ya wageni waliolala hapo miezi ya karibuni, mkitafuta habari za mlima, ngazi na lifti. Hoteli nyingi za Makka ni ghorofa ndefu, na saa za swala kila mgeni huitaka lifti kwa wakati mmoja.

Tatu, linganisheni bei za mwisho, si za mwanzo. Fikeni hadi ukurasa wa malipo ndipo mwandike: bei pamoja na kodi, idadi ya vitanda, kama kifungua kinywa kimo, na jumla ya siku zote. Ile bei iliyokatwa kwa mstari isiwashughulishe. Ulizeni tu, je, chumba hiki kwa bei hii kinatufaa? Na mkiulizwa kwenye kadi mlipe kwa shilingi au kwa riyali, chagueni riyali, kwani anayewabadilishia fedha papo hapo mara nyingi huongeza faida yake.

Nne, fahamuni kwa nini chumba kimoja kina bei mbili. Bei ya kutorejeshewa huwa chini kwa sababu mwenye hoteli ameepushwa na hatari ya chumba kubaki kitupu, na hatari hiyo mmeibeba nyinyi. Msiichukue kabla viza na tiketi hazijawa mkononi, na kabla hamjamuuliza wakala ni hoteli za namna gani zinazokubaliwa kwa viza yenu, maana kanuni hubadilika. Jueni pia kwamba tovuti hizi hulipwa ujira na hoteli kwa kila mgeni. Kwa hiyo mkishaiona hoteli mnayoitaka, ipigieni simu moja kwa moja na muulize bei yao. Huenda mkapunguziwa, au mkaongezewa kifungua kinywa. Kuuliza si ujinga.

Tano, mwenye uhuru wa kuchagua wakati achague. Kumi la mwisho la Ramadhani vyumba vya karibu na Haram hupanda bei mara kadhaa. Miezi ya Muharram na Safar, mahujaji wakisharejea makwao, bei hutulia. Ila mwenye mzee atazame pia joto, kwa kuwa Makka wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40.

Sita, na hili ndilo la mizani: kukodi chumba ni mkataba wa ijara, na manufaa yanayokodiwa sharti yajulikane. Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali, hivyo niliposhindwa kurejeshewa fedha zangu sikuwa na wa kumlaumu. Vilevile, msikodi chumba cha watu wanne mkamwingiza wa tano kwa kificho. Msiweke nafasi ya uongo ili kuonyesha karatasi ya viza na hali mmenuia kuifuta. Na msilipie ibada kwa mkopo wenye riba, hata ukipewa jina zuri la kununua sasa na kulipa baadaye. Nafuu ya namna hiyo haina baraka.

Kutafuta bei nzuri si ubahili. Israfu imekatazwa, na riyali iliyookolewa yaweza kuwa sadaka au siku moja zaidi Madina. Lakini bei ni njia tu ya kufikia makusudio, na makusudio ya mama yalikuwa kuiona Al-Kaaba kwa macho yake, akisimama kwa miguu yake.

Jioni ya kwanza huko Misfalah tulitoka mapema kabla ya Magharibi. Barabara ya Ibrahim al-Khalil haina mlima wa kutisha, nayo ina maduka pande zote mbili. Mama alitembea polepole, fimbo mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameushika wa mke wangu. Alipumzika mara mbili tu. Alipoiona minara alinyamaza, na alipoifikia Al-Kaaba alilia. Nami nilisimama nyuma yao nikaomba msamaha kwa Mola wangu, kisha nikamwomba mama, naye akanisamehe kabla sijamaliza kusema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SWT) awajaalie wazee wetu kuifikia nyumba yake wakiwa na afya, atujaalie sisi kuwatumikia bila kuwahesabia, na azikubali safari zenu na ibada zenu. Amin.

Wabillahi tawfiq.