Ukuta Mmoja wa Kizimkazi

Rafiki yangu anayesoma Uingereza ana mchezo wa kunitumia picha za makanisa. Si yale makubwa ya mjini, ni ya vijijini: mnara mfupi, kuta za mawe, makaburi yaliyoinama kama wazee wanaonong'onezana. Chini yake huandika, "Karne ya 12 hii, na Jumapili wanasali." Siku moja nikamjibu kwa jeuri kwamba hata sisi tunayo nyumba ya ibada ya kijijini ya umri huohuo. Nilikuwa nasema msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kumbe mwenyewe sijawahi kufika.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Zanzibar, nikabakiwa na siku moja. Nikapanda daladala.

Nakiri, niliupita. Nilikuwa natafuta gofu, kitu cha kutisha kidogo, nikaona nyumba nyeupe ya wastani yenye paa la mabati, nikaendelea na safari yangu kuelekea ufukweni waliko watalii wa pomboo. Mzee mmoja aliyekaa kivulini ndiye aliyenirudisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Buswahili."

"Uswahilini ya wapi?"

Nimezoea. Ukitoka kata ya Buswahili, Butiama, kila mtu wa pwani anadhani unamtania. Nikamweleza ni Mara, kwa Nyerere, na kwamba mimi ni Mkristo, ila naomba kuona. Akaniambia swala bado, nivue viatu, nisiwe na haraka.

Ndani ni kuta, mikeka na baridi nzuri. Utajiri wote uko upande mmoja, kwenye kibla, ambacho huku ni kaskazini karibu kabisa, maana Makka iko juu yetu moja kwa moja. Pembeni ya mihrabu yanapita maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, herufi zimenyooka halafu ghafla zinachanua kama mmea. Yanasema msikiti ulijengwa mwezi wa Dhulqaada, ndio Mfunguo Pili wa watu wa pwani, mwaka 500 Hijria. Hiyo ni 1107. Kanisa kuu la Durham, huko huko Uingereza kwa rafiki yangu, lilianza kujengwa 1093 na mwaka huo lilikuwa bado halijaisha.

Uchongaji wenyewe una siri yake. Kuna matumbawe ambayo yakitolewa baharini yakiwa mabichi hukatika kama sabuni ya mche, kisha yakikaa hewani yanakuwa mawe kweli. Yaani fundi ana muda wake, akichelewa basi. Chokaa nayo ni matumbawe hayohayo, yamechomwa. Sisi wa Mara tunajua mawe ya namna nyingine: hapo ng'ambo ya mpaka, Migori, zipo kuta za Thimlich Ohinga, jiwe juu ya jiwe bila chokaa wala udongo, ambazo UNESCO iliziorodhesha 2018.

Lakini kilichonikaa si umri. Sehemu kubwa ya jengo ninalolieleza si ya 1107 hata kidogo. Lilijengwa upya karne ya 18, na mabati, bila shaka, ni ya juzi. Watu wa hapa hawakuwa na woga wa kubomoa. Paa likichoka, weka jingine. Ukuta ukilegea, jenga. Ila maandishi yale na nakshi za mihrabu viliachwa, jengo jipya likavikumbatia.

Hapo ndipo nilipokumbuka kigango chetu.

Kilikuwa cha matofali ya kuchoma, na babu yangu alikuwa miongoni mwa vijana waliokanyaga udongo wake na kulisha kuni tanuru. Kilikuwa kidogo, hilo kweli. Jumapili ya Pasaka nusu ya watu walisali nje. Kamati ilipoamua kujenga kipya, mimi msomi wa chuo kikuu ndiye niliyeandika barua ya michango. Niliandika kwamba jengo la sasa ni "chakavu na lisilo na hadhi". Neno hilo lilileta pesa kweli kweli. Matofali ya zamani yakawa kifusi, yakajaza msingi wa jipya.

Babu hakugomba. Aliniuliza tu, jioni, tukiwa tunakunywa uji: "Nani kasema ni chakavu?"

Nikamwambia, "Kamati."

Amefariki bila kuniuliza tena.

Sidai kigango chetu kilifanana na Kizimkazi. Kilikuwa na miaka sitini tu na hakikuwa na herufi hata moja ya kuchanua. Ila ule ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa mzima. Ungeweza kubaki, jipya likaanzia hapo, na wala gharama isingezidi sana. Katika vikao vyote, na nilihudhuria vingi, hakuna aliyelisema hilo. Mimi pia sikulisema.

Mzee aliniita, muda wa swala umekaribia. Nilipiga picha ya kibla, nikamtumia rafiki yangu nikiwa kwenye daladala. Alishangaa sana, akaandika maneno mengi ya sifa, halafu akauliza: "Na kanisa la kwenu Buswahili likoje?"

Nikamtumia picha ya jipya. Lina vigae, na madirisha ya alumini. Ni zuri.