Kutoka Kagunga: Mambo Tuliyoyakuta Njiani



Watoto wengi waliozaliwa kambini wamesikia jina Kagunga, ila hawajui ni wapi. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Mbele ni maji, nyuma ni mlima mkali. Mwezi wa tano 2015 tulijaa pale ufukweni makumi ya maelfu, wengine wakilala chini ya kitenge tu. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Watu walikufa. Hayo tusiwafiche watoto.

Lakini safari ya kutoka pale ilikuwa na mambo mengine pia, na hayo tunasahau kuyasimulia.

La kwanza ni meli. Mitumbwi ilitutoa ufukweni mpaka kwenye MV Liemba, iliyosimama mbele kidogo kwenye kina. Tulipanda tumechoka, hatuulizi kitu. Kumbe ile meli ni mzee kuliko babu zetu! Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini. Basi, meli iliyowahi kuzama ndiyo iliyotuvusha.

La pili tulilikuta kando ya barabara. Kigoma tulipokelewa kwenye uwanja wa mpira, halafu tukapakiwa kwenye mabasi. Tuliacha michikichi, tukaanza kupanda vilima vya Buha kuelekea Kasulu. Basi liliposimama, akina mama walikuja dirishani na ndizi, wanaongea Kiha. Ndani ya basi watu wakatazamana: ati tunaelewa! Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Bibi mmoja, ambaye njia nzima hakusema neno, akatoa kichwa dirishani akaanza kupatana bei. Hapo ndipo watu walicheka kwa mara ya kwanza.

La tatu ni Nyarugusu yenyewe. Tulidhani tunapelekwa porini. Kumbe kambi ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu Wakongomani. Tulikuta bustani za lengalenga, makanisa, misikiti na watoto wanatoka shule. Tukajua kwamba hata hapa mtu anaweza kusoma.

Darasani nawachorea wanafunzi ziwa ubaoni, kila mmoja aoneshe njia ya familia yake. Wengine wanabaki wameshika chaki tu, hawajui pa kuanzia.

Kwa hiyo wazazi, nawaomba, jioni moja kaeni na watoto. Waambieni mlianzia wapi, mlipanda nini, nani aliwapa maji njiani. Waliofariki watajwe kwa majina. Mtoto akikua, abaki huku au arudi nyumbani, asije akadhani alidondoka toka mawinguni.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.