Bunduki ya Babu

Babu yangu alikuwa mwindaji mwenye leseni kabla ya uwindaji kupigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977. Kisa alichopenda kunisimulia hakikuwa cha nyati aliyemwangusha, bali cha nyati aliyemjeruhi.

Baada ya masika, risasi zake zilianza kwenda kombo. Nyati mmoja alipigwa pajani akatoroka kichakani. Babu alimfuata siku mbili mpaka akammaliza, maana nyati mwenye jeraha ni hatari kwa kila apitaye. Kisha aliapa asiwinde tena mpaka alijue kosa.

Wenzake walilaumu macho yake. Yeye alilaumu risasi. Lakini lawama haitengenezi bunduki. Alisugua kutu ndani ya mtutu, akailaza bunduki juu ya gunia la mchanga ili isitikisike, akapiga karatasi risasi tatu. Kama zingalikusanyika pamoja kando ya shabaha, angalirekebisha kilengeo. Zilitawanyika, basi akashuku kuwa kitu kimelegea. Kweli, mti wa bunduki ulikuwa umevimba kwa mvua ukanywea kwa jua, na skurubu zilizoushika pamoja na chuma zikalegea. Alizikaza, akapiga tena: matundu matatu yakafunikwa na kiganja kimoja.

Leo mimi ni mwalimu. Mwanafunzi akishindwa na hesabu aliyoiweza jana, simwiti mvivu. Hutafuta pamoja naye, jambo moja baada ya jingine, skurubu iliyolegea.