Gauni Jeupe Limetoka Wapi?

Ndugu msomaji, mambo mengi tunayoyadhania kuwa ni ada za wazee wetu hayana umri mkubwa, wala hayakuanzia kwetu. Mojawapo ni gauni jeupe la bibi arusi. Uliza katika mitaa yetu ya Mombasa au Dar es Salaam, na wengi watakwambia kuwa arusi bila ya gauni hilo ni arusi pungufu. Lakini asili yake yajulikana.

Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala tangu 1837 mpaka 1901, aliolewa na Albert, mwana wa kifalme wa Kijerumani, tarehe 10 Februari 1840, mjini London. Zama hizo wanawake wa Kiingereza waliolewa na nguo yao iliyo bora, ya rangi yoyote, wakaivaa tena siku nyingine. Victoria alichagua hariri nyeupe iliyofumwa Spitalfields, London, na lesi iliyofanywa kwa mikono na wanawake wa Devon. Alikuwa na sababu: mashine zilikuwa zimewapokonya mafundi hao riziki yao, naye akataka wapate kazi. Na baada ya arusi hakuitupa lesi ile; aliivaa tena mara nyingi, na alipokufa alizikwa na shela lake la arusi.

Wenye mali wakamwiga, kwani nguo nyeupe huchafuka upesi, na kuivaa kulikuwa ni kuonyesha uwezo. Haikupita miaka kumi, jarida la Marekani liitwalo Godey's Lady's Book likaandika, mwaka 1849, kuwa weupe ndio uliokuwa rangi ya arusi tangu kale! Hivyo ndivyo jambo la jana linavyovishwa kilemba cha uzee. Na maskini wa huko huko Uingereza waliendelea kuolewa na nguo zao za kawaida mpaka karne ya 20.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika nyumbani. Binti wa ndugu yangu aliposwa na kijana mwenye dini na kazi ya halali. Mahari yalikubaliwa mchana mmoja, bila ya mvutano. Lililochelewesha nikaha kwa miezi saba ni gauni la kukodi, na ukumbi wa kulionyesha, na mpiga picha wake. Nilimsikia kijana yule akimwambia mama wa binti, kwa adabu: "Mama, mahari ninayo. Hilo jingine ndilo sina." Neno hilo halijanitoka moyoni. Mahari ambayo ni faradhi yamekuwa mepesi, na pambo ndilo limekuwa faradhi!

Sisemi kuwa gauni jeupe ni haramu, wala kuwa kila kitokacho ng'ambo ni kibaya. Kanga zetu zenyewe zilianza katika karne hiyo hiyo ya 19, kwa vitambaa vya leso vilivyoletwa na wafanyabiashara wa nje, na leo kisutu cha bibi arusi ni chetu kabisa. Ninalosema ni kuwa tumeichukua nguo tukaiacha nia. Malkia yule alivaa kazi ya mikono ya mafundi wa kwao; sisi twakodi gauni ambalo aghalabu hakuna fundi wetu aliyelitia sindano. Yeye aliivaa lesi yake miaka mingi. Sisi gauni hurudishwa dukani asubuhi yake, na libakilo nyumbani ni deni.

Basi enyi wazazi, mposaji akibisha hodi, tujiulize kwanza: katika tunavyomdai, kipi ni sharti la ndoa na kipi ni sharti la majirani? Cha kwanza tukisimamie. Cha pili tumwachie mwenye uwezo, na asiyekuwa nacho tusimzuilie mke. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.