Msasa Kabla ya Rangi

Msasa lilikuwa jina la mti kabla halijawa jina la karatasi. Majani ya mti huo hukwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Ilipofika karatasi ya dukani yenye chembechembe za mchanga, Waswahili hawakuhangaika kuitafutia jina. Waliipa jina la mti uliokuwa ukiifanya kazi ile ile. Baadaye neno likatoka karakanani likaingia magazetini. Leo twasoma kwamba walimu wamepigwa msasa, madiwani wamepigwa msasa, waamuzi wa mpira wamepigwa msasa, na maana yake ni kuwa wameketi semina wakaongezewa maarifa.

Lakini msasa hauongezi kitu. Msasa huondoa. Anayeusugua ukuta kwa msasa hauachi na kitu zaidi ya ulichokuwa nacho. Huuacha na pungufu, na upungufu huo ndio unaouwezesha kupokea rangi. Nimelitafakari neno hili tangu niliposhinda siku kadhaa na fundi katika chumba cha marehemu baba yangu, Fukayosi, kijiji cha Wilaya ya Bagamoyo kilicho kando ya barabara iendayo Msata.

Nyumba ile ni ya kiambaza. Nalitaja neno hili kwa makusudi, maana linaanza kupotea vinywani mwa vijana, ambao kwao kila kisimamacho kati ya chumba na chumba ni ukuta tu. Ukuta wa mawe hujengwa, kiambaza hukandikwa. Husimikwa nguzo, zikafungwa fito, kisha udongo uliofinyangwa kwa maji ukabandikwa kwa mikono, na palipobaki mianya pakatomewa kwa vijiwe na udongo zaidi. Juu ya kiambaza chetu baba alipiga lipu ya chokaa na mchanga, na kila mwaka, Ramadhani ilipokaribia, alipaka chokaa. Ni desturi ya pwani yote. Magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, yamesimama kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa, na jamaa ya chokaa hiyo ndiyo iliyotung'arishia vyumba tulimolala utotoni.

Mama alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, aliomba jambo moja: chumba kipakwe rangi ya dukani, ya samawati, si chokaa tena. Hakueleza sababu, nasi hatukumwuliza.

Fundi alikuwa kijana wa kijijini hapo hapo. Hakuja na brashi. Alimwamkia mama, akaingia chumbani, akaupangusa ukuta kwa kiganja, kisha akanionyesha kiganja chenyewe, cheupe kama cha mkanda unga.

“Ukuta huu unatoa unga, kaka,” alisema. “Nikipaka sasa, rangi itaushika unga. Ukutani haitafika.”

Chokaa ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka, hushikana na rangi kwa muda mfupi tu. Rangi ikikauka hujikaza, na ikijikaza huling'oa lile tabaka dhaifu lililo chini yake, ikaanguka vipande vipande kama magamba. Kwa hiyo chokaa yote iliyolegea ilipaswa kukwanguliwa kwa bapa la chuma, kisha ukuta usuguliwe kwa msasa, ufutwe kwa kitambaa kibichi, uachwe ukauke.

Kisha zikaja nyufa. Sote twaijua methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali haisemi ufa huzibwaje. Nilidhani fundi atachota lipu na kuipachika juu ya ufa. Kumbe ufa huzibwa kwa kupanuliwa kwanza. Aliufuata kwa ncha ya chuma kutoka juu hadi chini, akauchimba mpaka midomo yake iliyolegea ikadondoka, akaufagia vumbi, akaunyunyizia maji ili ukavu wake usije ukanyonya maji ya lipu mpya kabla haijashika. Ndipo akaujaza. Nilipomwuliza kwa nini hatumii saruji, iliyo ngumu zaidi, alisema ugumu ndio ubaya wake: kiambaza hujaa unyevu wakati wa masika na kuupumua wakati wa kiangazi, nayo saruji haiwezi kwenda naye. Atabaki mgumu peke yake, kisha adondoke. Aliuziba ufa wa udongo kwa udongo uliochanganywa na chokaa na mchanga laini.

Siku ya pili alifika kwenye pembe iliyokuwa ubavuni mwa kitanda cha baba, akasimama.

“Hapa nako nikwangue?”

Palikuwa na eneo la upana wa mkeka wa kuswalia ambalo baba hakulipaka chokaa hata mara moja. Kila mwaka brashi yake ilifika mpakani pake ikageuka. Ndani ya mpaka huo alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, kwa lugha ya Kiswahili. Baba alisoma chuoni tu, hakuwahi kuingia shule, na hati aliyofundishwa kusomea Kurani ndiyo aliyoitumia kuandikia maisha yake. Si ajabu. Hati hiyo ndiyo iliyoubeba ushairi wetu kwa karne nyingi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulitufikia kwa herufi hizo. Tofauti ni kwamba Tambuka ilipata karatasi, na baba alipata kiambaza.

Nilivuta kigoda nikaanza kusoma taratibu. Zilikuwamo siku tulizozaliwa, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwamo siku ya kifo cha dada yetu mdogo. Yalikuwamo majira ya mvua na idadi ya magunia ya mahindi. Na chini kabisa kulikuwa na majina ya watu na hesabu, karibu zote zimepigwa mstari. Ni moja tu isiyokuwa na mstari: jina la mzee jirani, tarakimu ya 12, na neno moja lililoandikwa kwa ba, alifu na ta, bila irabu.

Wanaozijua hati zetu za kale wanajua mtihani huo. Herufi ba iliweza kusimama mahali pa b, mahali pa p, hata mahali pa mb, na irabu zisipowekwa msomaji huachiwa akili yake. Neno lile laweza kuwa bati, laweza kuwa pata, na yapo mengine. Nilimwita mama. Alilitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyochukua mimi kuvaa miwani.

“Bati,” alisema. “Bati kumi na mbili. Paa la huku nyuma.”

Jirani alikuwa amebakiwa na bati alipoezeka nyumba yake, akamkopesha baba. Siku ya maziko ilitangazwa, kama ada, kuwa mwenye kumdai marehemu awaone warithi. Mzee yule alikuwapo, akanyamaza. Nasi tungepaka rangi ya samawati juu ya deni la baba yetu, tukalala chini ya bati za watu.

Hapo nikaliona neno jingine kwa upya. Kwa Kiswahili twafuta maandishi, na twafuta deni. Kitenzi ni kimoja, na anayekisikia haraka aweza kudhani kwamba tendo ni moja. Nilimweleza mama kuwa nimeshayanakili yote daftarini, hivyo fundi aweza kuendelea, nasi tutamtafuta mzee baadaye. Alikataa.

“Ukifuta ukutani, mwanangu, hujafuta kwa mwenyewe.”

Kazi ikasimama siku tatu. Tulinunua bati Bagamoyo mjini, tukazipeleka kwa jirani, mama akiwa mbele. Mzee alisema alikwisha kusamehe tangu pale makaburini. Mama alimshukuru, akamwambia kuwa msamaha ni wake yeye, na malipo ni ya marehemu, asimnyime. Akazipokea.

Tuliporudi, mama alichukua kitambaa kibichi mkononi mwa fundi, akaufuta mstari ule wa mwisho yeye mwenyewe. Mingine aliachia bapa la chuma. Nilimwuliza kama hataki eneo lile libaki, kwa kuwa ni mwandiko wa baba. Akasema amelala kando ya mwandiko huo miaka yote, na eda yote, na ulichokuwa nacho cha kusema umeshakisema.

Sisi tunaotunga twajua kufuta. Twakata ubeti usiosimama, twakwangua neno lililolegea, na tunajisifu kwa hilo, kwamba shairi lililopigwa msasa ni shairi lililopungua. Ni kweli. Lakini katika chumba kile nimejifunza kwamba kabla ya kukwangua kuna kazi nyingine isiyo na jina zuri kama msasa: kusoma kilichopo, mstari kwa mstari, mpaka ule wa chini kabisa, kwa maana huenda ndani yake kuna haki ya mtu. Mshairi afutaye shairi la kale alilorithi, mhariri afutaye neno la lahaja kwa kuwa hakulielewa, nao wamo katika hukumu hiyo.

Rangi yenyewe ilichukua siku mbili, mikono miwili, wa kwanza ukiwa mwepesi uliozidishwa maji. Samawati imeshika vema. Pembe ya kitanda haitofautiani na pembe nyingine, na daftari analo mama, chini ya mto.