Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha

Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, sebule yangu iligeuka darasa. Jioni moja mwalimu wa Sayansi aliwaandalia wanafunzi mashindano ya maswali katika Kahoot, mchezo wa intaneti uliotoka Norway. Mwanafunzi huingiza tarakimu alizopewa na mwalimu, huandika jina lake, kisha hujibu. Anayejibu sawasawa na upesi ndiye hupata alama nyingi.

Mara majina yakaanza kumiminika kwenye kompyuta. Darasa lilikuwa na wanafunzi 32, lakini majina yalipita 200, mengine ya matusi! Mwalimu alianza upya mara mbili, kisha akakata tamaa na kufunga kipindi. Nilipogeuka, mwanangu alikuwa akicheka huku simu yangu i mkononi mwake.

Nilipombana alikiri kwamba alitumia boti. Si boti ya kuvulia samaki, la hasha! Ni programu inayojifanya mwanafunzi, na mtu mmoja huweza kuingiza mamia kwa dakika chache.

"Ni mchezo tu, Baba," akasema.

Je, ni mchezo? Usiku huo mama mmoja, muuza mboga, alinipigia simu akilalamika. Alikuwa amenunua bando ya shilingi 50 ili bintiye asome, nayo ikaishia kwenye vurugu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba aliyempotezea pesa zake alikuwa ameketi mezani pangu.

Isitoshe, programu yenyewe ilitoka kwa mtu tusiyemjua, ikaingizwa katika simu ninayotumia kwa M-Pesa. Programu za aina hiyo huweza kuficha nyingine za kuiba nywila. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta nayo haina utani: anayevuruga mfumo wa kompyuta bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10, kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili.

Asubuhi nilifuta programu ile na kubadilisha nywila zangu. Mwanangu alimpigia mwalimu simu mwenyewe, sauti ikitetemeka, akaomba radhi. Kisha tukaenda pamoja kwa yule mama, naye akamrudishia shilingi 50 kutoka akiba yake.

Mzazi mwenzangu, mwanao akicheka peke yake mbele ya kompyuta, hebu muulize anachekea nini.